Shika Mtumbwi, Usinishike Mimi

"Kaa chini, bwana we! Nani kakwambia mtumbwi una kiti cha enzi?"

Sauti ya Fakhriya ilimkuta Ghanim amepanda juu kabisa ya ubao, mabega yamekakamaa, kafi amelikumbatia kifuani. Ghanim anauza vitambaa Kariakoo, ng'ambo ya pili; Kigamboni alivuka jana yake kumfuata Fakhriya. Maji mengi aliyoyazoea ni ya kutawadhia. Fakhriya amezaliwa Kigamboni kwenye nyumba ya wavuvi, na hakuacha kumkumbusha hilo tangu walipotoka ufukweni, kila mmoja na kimtumbwi chake cha kuazima.

Asubuhi ile upepo wa kusi uliuchafua mlango wa bandari, na boti ya kuvushia watu haikutoka. Wavuvi waliwashauri wapande mtumbwi mmoja, anayejua apige kafi, asiyejua akae kimya.

"Mimi na huyu, chombo kimoja?" Fakhriya alisema. "Watu wanione?"

"Hata mimi sitaki," Ghanim alijibu, kana kwamba kuna aliyembembeleza.

Ilikuwa lazima wafike kwa kadhi Kariakoo kabla ya adhuhuri. Kesho yake kadhi anapanda meli kwenda Hija, na hatarudi ila baada ya miezi minne. Ubeid, kaka yake Fakhriya, alikwisha kukaa huko na mashahidi wawili, naye ameapa kwamba leo ikipita bila shauri hili kwisha, yeye hajihusishi nalo tena. Miaka tisa Ghanim na Fakhriya walikaa nyumba moja, wakigombana mpaka majirani wakajua siku gani chumvi imezidi. Miezi saba sasa kila mtu yuko kwake. Kukaa hivyo kulikuwa kumewachosha wote wawili.

Wimbi likampiga Ghanim ubavuni. Akakaza mwili mzima, na mtumbwi ukalala naye.

"Legeza kiuno! Uache mtumbwi ucheze, wewe utulie! Laza kafi juu ya maji, liegemee!"

Akalilaza. Mtumbwi ukarudi sawa. Ghanim alichukia, maana ameokolewa na mdomo uleule.

"Mikono imekufa," akasema.

"Ya kupimia doti za kanga huwa haifi."

Maji yalikuwa yanakupwa kwa nguvu, yakiwavuta kuelekea bahari kuu. Fakhriya akamtazama, akaona kweli hana pumzi. Akausogeza mtumbwi wake ubavu kwa ubavu na wa Ghanim, akayalaza makafi yote mawili yakikingama juu ya mitumbwi yote miwili.

"Tutachukuliwa na maji kidogo, lakini hatutapinduka. Shika ukingo wa kwangu, nami nishike wa kwako. Pumua."

Mkono wa Ghanim ukateleza kwenye ubao uliolowa, ukaangukia kifundo cha mkono wa Fakhriya. Fakhriya akauchopoa upesi.

"Shika mtumbwi, usinishike mimi!"

"Nani ana hamu na wewe?"

"Basi iambie mikono yako."

Upande wa Magogoni, walikokuwa wakielekea, wale wasiokuwa na kazi walijipanga kutazama nani atazama kwanza. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Watu wawili katikati ya bahari, wameng'ang'aniana vyombo, huku wakitukanana! Mara tatu walipumzika hivyo, na mara zote tatu Ghanim aliambiwa hana akili. Walipofika pwani hakuna aliyemshukuru mwenzake.

Wakapita Mnazi Mmoja wakichuruzika maji, Ghanim mbele, Fakhriya hatua ishirini nyuma. Kadhi alikuwa anafunga mizigo.

"Nyinyi tena," akasema. "Mwaka jana mlinichosha masikio, mwaka huu mnanilowanishia mikeka."

Fakhriya akaketi nyuma ya pazia. Kadhi akamwuliza kama ameridhia mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu.

"Nimeridhia. Na huyo mwambie aache kutetemeka, hii si bahari."

"Na wewe, Ghanim? Umefikiri vizuri?"

"Miezi saba, shekhe."

Kadhi akashusha pumzi, akamwashiria Ubeid. Ubeid akasogea, akaushika mkono wa Ghanim.

"Ghanim, nimekuoza tena dada yangu Fakhriya, kwa mahari ya..."

"Nimekubali!" Ghanim akadakia, ikabidi kadhi amwambie angoje kwanza mahari itajwe.