Mkate Uliofaulu Mtihani

Mliona, enyi wazazi, mkageuza nyuso. Mlijua kwamba chuo cha upishi hakimpi mtu cheti mpaka apike chakula cha kwao, na chakula kikishafaulu kinakuwa mali ya chuo: kila jiko nje ya chuo likikinusa linajizima. Zuwena naye alijua. Lakini mkate wa kumimina wa mama yake, wenye tui zito na hiliki iliyokaangwa, aliuona mkate tu kama mikate mingine.

Alirudi Tanga na koti jeupe la mpishi. Mama yake, Bi Mwanaidi, akakoroga mchele uliosagwa ampongeze. Mkate ulipoanza kunukia, jiko likazimika. Akawasha. Likazimika.

“Jiko gani hili lenye kisirani?”

“Mama, acha.”

“Niache nini? Huu si mkate wa bibi yako?” Akalitazama lile koti. “Ndio uliowapikia?”

Zuwena akainamisha kichwa.

“Basi nipikie wewe, mwenye cheti.”

“Siruhusiwi nje ya chuo, mama.”

Bi Mwanaidi akaketi sakafuni, bakuli la rojo mapajani. “Umenizikia mama yangu mara ya pili.”

Wewe mwenye mwanao chuoni, unangoja nini? Ondoka sasa hivi, kamtoe kabla hajawasha moto mbele ya wasahihishaji!