Mganga wa Nyoka wa Mipopooni

Wote waliong'atwa na nyoka wa mipopooni walipona mikononi mwa Ratneswar, na kijiji kizima kikamsifu. Yeye peke yake alijua kuwa nyoka yule mwenye macho ya paka hana sumu ya kuua mtu. Huvimbisha tu.

Leo ameletwa binti yake, ameng'atwa.

"Gari lipo nje, limeshawashwa, mzee. Tumkimbize hospitali?" jirani aliuliza.

"Hospitali ya nini?" binti akacheka, kope zikimlemea. "Na baba yangu yupo?"

Jirani akambwaga chini nyoka waliyemuua. Alikuwa fira, mwenye sumu ya kuua, shingo pana kama jani la tambuu.

Ratneswar akawatazama wale aliowaponya, wamejazana mlangoni, wanangoja maneno yake ya uganga.

"Zimeni gari," akasema.