Kichwa cha Mgunga

Nilikuwa nimeinua shoka nilipohisi mikono yangu haitaki.

Matawi ya chini ya mgunga tulikwisha kuwakatia mbuzi, kwa mshazari, gome lisichanike. Kilichobaki ni kilele. Na kilele hakikatwi. Mgunga ukikatwa kichwa wakati wa kiangazi, haurudi tena.

"Kata!" alifoka mume wangu, Warfa, kutoka chini. Alikuwa amemkumbatia mbuzi wetu wa mwisho mwenye maziwa, maana mnyama hakuweza tena kusimama peke yake. "Unangoja nini, wallahi?"

"Baba yako hakuukata kichwa hata mwaka wa vita vya Waitaliano."

"Mwaka ule baba hakuwa na mtoto anayelia njaa kama wetu!"

Nikavuta kitawi nipate pa kupiga. Miba ikanichoma kiganja, na kidole kikalowa maji yaliyokuwa yakinata. Nikakisogeza kitawi karibu na macho. Kando ya kila mwiba palikuwa na chipukizi la kijani, dogo kuliko punje ya mtama, limeanza kupasuka.

Hapakuwa na wingu hata moja juu ya Mandera. Lakini mgunga huchipua kabla ya mvua, na huu ulikuwa haujatudanganya bado.

"Umechipua!" nikamwambia.

"Siku ngapi mpaka mvua?"

"Nne. Labda kumi."

Mbuzi akapiga magoti mikononi mwake. Nikaliachia shoka, likaanguka mchangani karibu na mguu wa Warfa.

Hakuliokota. Alichomoa kisu kiunoni, akamgeuza mbuzi kuelekea kibla.