Kipimo cha Sala

"Hivi Mama Adolfina, rozari zako na umbea wako vinalinganaje?" aliniuliza jirani yangu, Mama Generosa, akiingia huku akiukodolea macho mlango wangu.

Siku hizi kila mlango una grafu ya wiki. Mstari wa bluu ni dakika za sala, mwekundu ni za kuwasema watu. Nyumba yenyewe inasikiliza na kuhesabu, hata maneno ya wageni. Sisi tumeachiwa kuchagua vipimo tu. Nami kesho nagombea uongozi wa jumuiya, kwa hiyo mstari wa sala niliupa kipimo kinachoishia dakika kumi, wa umbea kinachoishia dakika mia tatu. Mistari yote miwili ikapanda bega kwa bega kama masista waendao misa.

Akasoma namba za pembeni. "Sala umeijaza kwenye kisoda, umbea kwenye debe, halafu unasema vyote vimejaa?"

Ilinichoma. Nikaweka kipimo kimoja kwa yote. Wa bluu ukalala sakafuni, mwekundu ukabaki juu peke yake. Uongozi ukaniaga pale pale.

"Haya, nimetubu. Na mlango wako mbona umeufunika kanga, jirani?"

"Afadhali mimi. Huyo Mama Kokubanza wa nyumba ya pili sasa…"

Mwekundu ukapanda kidogo, sote tukiutazama. Mama Generosa akafumba mdomo, akavaa ndala zake, akatoka.