Diski ya Jumatatu

Wiki nzima kompyuta ilionya: diski inakufa, hamisha vitu vyako. Asubuhi Eneida alihamishia video za marehemu mwanawe kwenye diski ndogo ya kubebea tamthilia. Mchana kompyuta ikakoroma, ikazima, haikuwaka tena.

Jioni mumewe aliingia akiirusharusha ile diski mkononi.

"Leo Jumatatu, ulisahau? Mtaa wetu mzima hapa Holguín ulikuwa kwenye foleni kwa muuzaji wa tamthilia za wiki. Nimekujazia tamthilia mpya."

"Na vilivyokuwemo?"

"Muuzaji kafuta vyote, kama kawaida yake. Asipofuta, atajaza wapi?"

Eneida aliipokea. Ilikuwa bado na joto, kama paji la uso la mtoto mwenye homa.

"Chomeka basi kwenye televisheni, bibie. Leo yule mama anampata mwanawe."