Jibu la Marehemu

Jeneza la Mzee Kibwana Ndaro lilipotolewa ndani, Bi Chausiku alitandika mkeka katikati ya njia, akaketi.

"Hapiti mtu."

"Mtoeni huyu mama!" alifoka mpwa wa marehemu, aliyetoka mbali. "Huu ni msiba!"

"Mwache," alisema mjane, Bi Tausi, kutoka kizingitini. "Huyo mtani wake."

Wenyeji hawakuhitaji kuelezwa. Miaka arobaini wawili hao walitaniana, Bi Chausiku akianza, Kibwana akimaliza. Siku moja alimwambia, "Mvivu wee, hata kivuli chako hukaa chini kabla yako." Kibwana akajibu bila kugeuka, "Kimetangulia kukutandikia mkeka, mgeni wangu." Mtaa ulilicheka jibu hilo mwaka mzima.

Sasa Bi Chausiku alilitazama jeneza mabegani mwa wabebaji.

"Kibwana! Mvivu wee! Hata kaburini unabebwa?"

Watu wakacheka huku machozi yakiwatoka. Kisha wakanyamaza, maana ilikuwa zamu yake Kibwana. Bi Chausiku alitega sikio kama siku zote.

Bi Tausi, ambaye hakuwahi kuwaingilia hata mara moja, alijifunga kanga vizuri, akasimama wima.

"Anauliza," alisema kwa sauti iliyofika barabarani, "wewe siku yako utakwenda kwa miguu?"

Bi Chausiku alipiga makofi. "Nimeshindwa!" alitangaza, kwa fahari ya mshindi. Akauvuta mkeka pembeni, akamwita Bi Tausi waketi pamoja.

Wabebaji walipopita, kivuli cha jeneza kiliangukia mkekani, kikakaa kidogo kati yao.