Vidonge vya Dada

Githongo hakuwa na simu, hakuwa na gari, wala hakuwa na ndugu mwingine ila dada yake wa Magadi, aliyemwandikia kwamba anakohoa na anaomba vidonge vya ampisilini vilivyobaki kaka yake alipougua.

Alivitia katika bahasha pamoja na barua yake, akalamba gundi.

"Si huyo alivimba koo kwa sindano ya penisilini?" mkewe akauliza.

"Hizi si sindano, mama. Ni za kumeza."

"Soma karatasi ya dawa. Si ulienda ngumbaru?"

Alisoma polepole: jamii ya penisilini. Utamu wa gundi ungali ulimini.

Alivitoa vidonge vyote, akaongeza chini ya barua: "Nenda hospitali, uwaeleze ile sindano."

Akaifunga bahasha, akaipeleka mwenyewe posta ya Kitengela.